Kufuli ya Bweni Si Ulinzi wa Mtoto

Kila mwanzo wa muhula, masanduku ya bati hupakiwa katika mabasi, na wazazi wengi wa Pwani hurudi nyumbani nyoyo zao zimetulia kwamba mtoto yuko mahali pa salama. Mtoto ni amana. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya aliowachunga. Kulipa karo hakumwondolei mzazi jukumu hilo. Mwalimu hushirikiana naye tu katika kulibeba.

Tunapolitazama bweni, wengi wetu hutafuta vitu viwili: vyuma madirishani na kufuli mlangoni. Wazazi wa mabinti hasa hufarijika kuviona, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba hatari hutoka nje. Misiba iliyotufika nchini inatufundisha jambo jingine.

Mwaka 1998, hapa hapa Pwani, wasichana 26 walifariki kwa moto wa bweni katika Shule ya Upili ya Bombolulu. Mwaka 2001, huko Kyanguli, Machakos, moto wa usiku mmoja uliwaua wavulana 67. Katika misiba yote miwili, vyuma vya madirisha na mlango uliofungwa viliwanyima watoto njia ya kutokea. Septemba 2024, wavulana 21 walipoteza maisha katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, ambako bweni moja lililaza watoto zaidi ya 150. Godoro la sponji huwaka upesi, na moshi wake humlemea aliyelala kabla moto wenyewe haujamfikia. Wakati huo hakuna nafasi ya kumtafuta mwenye ufunguo.

Tangu mwaka 2008, Wizara ya Elimu imetoa mwongozo wa usalama wa shule. Unaagiza kwamba milango ya bweni ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kitanda na kitanda viachane kwa mita 1.2 au zaidi. Wala watoto wasilale wawili kitanda kimoja. Kanuni tunazo, kinachopungua ni jicho la mzazi.

Huenda mama akauliza: tukiondoa kufuli na vyuma, mabinti zetu watalindwa na nini? Swali hilo ni la haki. Jawabu ni kwamba mwovu huzuiwa kwenye ua na langoni, kwa bawabu aliye macho, kwa taa za usiku, na kwa mlezi wa kike anayelala karibu na watoto na kuwahesabu kila jioni. Ulinzi humzunguka mtoto, haumfungii ndani. Mwongozo huohuo unakataza wageni kuingia bwenini, nasi tunaiunga mkono kanuni hiyo, kwani ni stara na kinga pia.

Kwa hivyo, tunapompeleka mtoto, tumwombe mwalimu mkuu kwa adabu atuonyeshe bweni yeye mwenyewe. Tuuulize mlango wa dharura uko wapi, na tuone ukifunguliwa. Tuulize vitanda ni vingapi na watoto ni wangapi. Tuulize ni lini watoto walifanyishwa mazoezi ya kutoka usiku. Madrasa na markaz zenye mabweni zisisazwe, kwani moto haubagui chuo cha Qur'ani na shule ya serikali. Mzazi mmoja akiuliza peke yake huenda akaonekana msumbufu. Wakiuliza kumi katika mkutano wa wazazi, hilo huwa ni shauri la shule.

Tumwulize na mtoto mwenyewe anaporudi likizo: moshi ukiingia usiku, utatokea wapi? Akisita, tujue shule haijamfundisha. Tumsikilize pia anaposimulia manung'uniko ya wenzake au vitisho vya kuchoma bweni. Tusimnyamazishe kwa kumwambia asichongee. Na akiwa na jambo linalomtia hofu ambalo hawezi kulitamka nyumbani, ajue kwamba nambari 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo.

Dua tusiache kuwaombea, lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza kisha tutawakali. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) awarehemu waliotangulia na awahifadhi waliobaki. Amin.