Haidari umemweka wapi?

Juzi mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea sura ya tatu ya tasnifu yake, uhariri wa utendi wa kale wa Lamu ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Kazi safi kabisa. Ila kila palipokuwa na neno Haidari, yeye kaandika Ali. Nikamuuliza kwa nini. "Prof, msomaji wa leo hamjui Haidari," akasema. "Na si ni yule yule?"

Nilinyamaza. Jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na limo katika tasnifu yangu hadi leo.

Haidari ni lakabu ya Sayyidna Ali bin Abi Talib, na kwa Kiarabu maana yake ni simba. Lakabu ni jina la sifa linaloshikamana na mtu mpaka likatosha kumtaja bila jina lake la kuzaliwa. Mashairi ya kishujaa ya dunia yamejaa majina ya aina hii. Katika Iliad ya Homer, Achilles ni mwepesi wa miguu, na anaitwa hivyo hata pale Kitabu cha Kwanza kinapomwonyesha ameketi kando ya merikebu zake, amesusa vita, hakimbii popote. Wasomaji wengi wamelicheka jambo hilo. Ati mshairi alisinzia!

Aliyelifumbua ni Mmarekani Milman Parry, katika tasnifu aliyoitetea Paris mwaka 1928. Parry alionyesha kwamba lakabu hizo huchaguliwa kwa kipimo cha mstari. Odysseus ni mtukufu nafasi ikiwa finyu, ni mwenye werevu mwingi ikipanuka, na ni mvumilivu mtukufu ikipanuka zaidi. Mtambaji aliyetunga papo hapo mbele ya hadhira alikuwa na akiba ya majina yaliyokwisha kupimwa, kama fundi mwenye mbao zilizokatwa tayari.

Sasa turudi kwetu. Kipande cha utendi kina mizani nane. Ha-i-da-ri ni mizani nne, nusu ya kipande. A-li ni mbili. Ukibadilisha, kipande kinabaki na mizani sita, kinachechemea. Na neno likiwa mwishoni, vina navyo vinakwenda: Haidari huoana na habari, hatari na amri, ilhali Ali anataka kauli na kweli. Mwanafunzi wangu hakubadilisha jina tu. Alivunja beti zisizopungua ishirini.

Hapa lazima niweke tahadhari. Nadharia ya Parry haituenei mzima mzima. Washairi wa Lamu na Pate walikuwa watu wa kalamu na wino. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeutunga utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, alikuwa mwandishi wa hati nzuri na mchonga mbao mashuhuri. Hakuhitaji jina la kumpa muda wa kufikiri. Lakini tenzi ziliandikwa ili zisomwe kwa sauti, na sikio lina madai yake.

Isitoshe, lakabu haijazi nafasi tu. Mtazame Liyongo. Fumo ni mkuki wenye bapa pana, na pia ni cheo cha watawala wa kaskazini. Wanabahani wa Pate wamo kina Fumo Madi na Fumo Luti. Shujaa huyu amebeba silaha ndani ya jina lake, lakini silaha za kawaida hazimuui. Anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba ya kitovuni. (Kitovu hiki watu hupenda kukilinganisha na kisigino cha Achilles. Sawa, ila kisigino hicho hakimo katika Iliad. Ni hadithi iliyoandikwa baadaye.) Kisha anapiga goti kisimani na uta mkononi, na kwa siku kadhaa watu hawathubutu kuteka maji. Amekwisha kufa, lakini wanamwogopa Fumo. Achilles aliyeketi bado ni mwepesi wa miguu kwa sababu hiyo hiyo: lakabu hueleza mtu alivyo, haielezi anachofanya saa hiyo.

Hayo sikuyapata chuoni. Niliyapata Lamu nikiwa kijana, kwenye baraza moja ya Mkomani, nikimsomea mzee mmoja msomaji wa tenzi uhariri wangu niliojivunia. Alisikiliza kwa adabu, kidole kikigonga goti. Nilipofika kwenye "Ali" ya kwanza kidole kikasita hewani. Ya pili, kikasita tena. Ya tatu akanishika mkono.

"Haidari umemweka wapi, mwanangu?"

Nikaeleza habari za msomaji wa leo. Akasema msomaji wa leo akiuliza ataambiwa, lakini asipomkuta Haidari hataona cha kuuliza.

Tasnifu ilikuwa imekwisha kupigwa chapa na kuwasilishwa. Nakala moja iko kwenye rafu ya maktaba yetu, na mwanafunzi wangu amekiri kwamba ndimo alimojifunza kubadilisha. Nimempa kalamu nyekundu aanze na yangu, ukurasa kwa ukurasa, pembeni. Mkutubi ametoa idhini.