Daktari Mpya Amefika: Je, Kamati Imemwuliza Nini?



Katika semina yetu na wanakamati wa dispensari, mama mmoja aliinua mkono akauliza: "Mimi nilifika darasa la saba tu. Sasa nimwambie daktari anionyeshe vyeti? Si ataniona nina dharau?" Watu walicheka, lakini wengi walikuwa na swali hilo hilo. Tumeona tulijibu hapa ili wote wafaidike.

Tuanze na mambo ya kweli yaliyowapata wenzetu wa hospitali ya misheni kama zetu.

Mwezi wa Novemba 1994, hospitali ya Kilutheri ya Mnene, kusini mwa Zimbabwe, ilimpokea daktari Mmarekani aitwaye Michael Swango. Tunajua jinsi hospitali za mashambani zinavyopata madaktari kwa shida. Mtu akija mwenyewe kutoka ng'ambo, watu humshukuru Mungu. Karatasi alikuwa nazo. Lakini baada ya muda wagonjwa walianza kufa kwa njia isiyoeleweka. Mwaka 1995 alisimamishwa kazi, polisi wakaanza uchunguzi, na mwishowe akatoroka nchi.

Huyu alikuwa nani? Udaktari alikuwa amesomea kweli, akamaliza chuo mwaka 1983. Lakini mwaka 1985 mahakama ya jimbo la Illinois ilimhukumu kifungo cha miaka 5 kwa kuwatilia sumu wafanyakazi wenzake wa ambulensi. Baada ya kutoka jela, mwaka 1992 alipata nafasi ya mafunzo ya udaktari katika jimbo la South Dakota. Hakuficha kwamba alifungwa. Alileta karatasi za kughushi zilizosema kosa lake lilikuwa kupigana ngumi tu, nao wakamwamini.

Alijulikana namna gani? Aliomba kujiunga na chama cha madaktari cha Marekani, na chama hicho hakikutosheka na maneno yake. Kilichunguza chenyewe, na uongo ukajitokeza. Alifukuzwa. Mwaka 1993 akapata nafasi nyingine New York, akafukuzwa huko pia. Ndipo akaenda Mnene, mbali na waliomjua. Alikamatwa Chicago mwaka 1997 akiwa safarini kwenda kazini Saudi Arabia. Mwaka 2000 alikiri mahakamani kwamba aliwaua wagonjwa 3 huko New York, akafungwa maisha.

Ndugu zetu, madaktari wengi ni watu waaminifu wanaofanya kazi kwa kujitolea sana. Hatusemi tuwashuku. Tunasema hivi: karatasi iliyoletwa na mwenyewe mkononi haitoshi. Ni lazima kuuliza kule ilikotoka.

Basi, kamati ifanye nini kabla ya kutia sahihi mkataba? Mambo ni matano.

Kwanza, tuone vyeti vyenyewe, si fotokopi tu. Jina lililo kwenye cheti lilingane na lililo kwenye kitambulisho.

Pili, tuulize baraza linalohusika. Hapa Kenya kila kazi ya afya ina baraza lake. Madaktari wa tiba na wa meno wako chini ya KMPDC, wauguzi wana baraza lao, na maofisa wa kliniki wana lao. Kuandikishwa ni jambo moja, na kuwa na leseni ambayo haijaisha ni jambo lingine. Leseni ya daktari huhuishwa kila mwaka. Baraza lina orodha ya wenye leseni, na siku hizi mtu anaweza kuitazama hata kwenye intaneti.

Tatu, tuandike barua kwa mwajiri wake wa mwisho, si kwa rafiki aliyemchagua yeye. Tuulize wazi: Kwa nini aliondoka? Je, mngemwajiri tena? Tuhesabu na miaka pia. Kama hakuna habari za miaka miwili hivi, aeleze alikuwa wapi.

Nne, tuandike ni kazi gani anaruhusiwa kufanya kwetu. Leseni haisemi kwamba mtu anajua kila kitu. Aliye hodari wa kutibu malaria huenda hajawahi kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mganga mkuu na wenzake wenye ujuzi wamwangalie akifanya kazi, halafu waiandikie kamati.

Tano, turudie. Tukague leseni kila mwaka, na baada ya muda uliopangwa tutazame tena kazi yake. Malalamiko yakija, yaandikwe, na mwenye kulalamikiwa asikizwe kabla ya kuamua lolote.

Wengine watasema, "Mambo ya udaktari waachie madaktari." Mahakama Kuu ya Illinois ilikataa maneno hayo mwaka 1965. Kijana wa miaka 18 alivunjika mguu akicheza mpira mwaka 1960, akafungwa plasta hospitalini. Mguu ulivimba ukageuka rangi, lakini hakuna aliyechukua hatua ya kutosha. Mwishowe ukakatwa. Mahakama ilisema hospitali yenyewe ina wajibu kwa mgonjwa, haiwezi kujificha nyuma ya daktari. Hiyo ni sheria ya Marekani, si yetu, lakini ukweli wake hata sisi tunauona. Mgonjwa haji kwa fulani. Anakuja kwa hospitali ya kanisa kwa sababu anaiamini.

Sasa tumjibu mama wetu. Mama, kazi yako si kumpima daktari ujuzi. Hiyo ni kazi ya wenye ujuzi. Kazi yako ni kuuliza katika kikao: "Je, baraza limeulizwa? Barua ya mwajiri imerudi? Iko wapi?" Kwa swali hilo, darasa la saba linatosha kabisa. Na ili asione ni dharau, mfanye iwe kanuni iliyoandikwa, kwa kila mtu: mgeni kutoka ng'ambo, kijana wa hapa nyumbani, hata mtoto wa mzee wa kanisa. Daktari mwema hataudhika. Atafurahi kujua kwamba na wenzake walikaguliwa vivyo hivyo.

Kuuliza si ujinga. Tena kuuliza mapema ni rahisi kuliko kueleza wafiwa baadaye.

Maswali ya kujadiliana katika kamati:

1. Je, faili la kila mfanyakazi wetu wa afya lina leseni ya mwaka huu?

2. Ni nani mwenye kazi ya kuandika barua kwa baraza na kwa waajiri wa zamani?

3. Tukiwa na shida kubwa ya wafanyakazi, ni hatua gani kati ya hizi tano tunashawishika kuiruka?