Lance Spearman si karatasi ya kufungia karanga

Waliokuwa vijana mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 wanamkumbuka Lance Spearman, au Spear: mpelelezi wa kofia, tai ya kipepeo na biri mdomoni, aliyewaandama majambazi kama Rabon Zollo akisaidiwa na Sonia, Kapteni Victor na kijana Lemmy.

Hadithi zake hazikuchorwa. Zilisimuliwa kwa picha za kamera katika African Film, jarida la kampuni ya Drum lililosomwa kuanzia Lagos hadi Nairobi na Kampala. Spear aliigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Wakati Superman na James Bond walikuwa wazungu, huyu alikuwa Mwafrika, na hakushindwa. Tanzania nako Faraji Katalambulla alitoa Film Tanzania, jarida la picha la Kiswahili.

Sasa Spear amefufuka. Wazee wanamkumbushana, wakusanyaji wanamtafuta, na mwaka 2015 mtaalamu Mjerumani Matthias Krings alimpa sura nzima katika kitabu chake, African Appropriations.

Thamani yatoka wapi? Tazama Marekani. Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, alimotokea Superman mara ya kwanza, iliuzwa senti 10. Mwaka 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6, kwa sababu wengi walizitupa.

Spear hafikii bei hiyo, lakini uhaba wake ni mkubwa zaidi kwetu Waganda. Nakala ziliazimwa hadi zikachanika. Nyingine ziliachwa watu walipokimbia vita. Mimi niliyesomea uhamishoni Kenya nilimsoma Spear katika nakala zisizo na jalada.

Hapa Luzira, karibu na bandari ya Port Bell, nimeona masanduku ya waliorudi yakifunguliwa na magazeti ya zamani yakipimwa kwa kilo, yaende kufungia karanga na mandazi.

Ndugu mfanyabiashara wa mpakani, kabla hujapima, pekua. Tazama kama jalada lipo, namba inasomeka na kurasa zimetimia. Usibandike selotepu, weka pakavu, mbali na jua na mchwa. Nawe uliyerudi, waulize wazee kabla ya kuuza. Karatasi ya kilo utaipata kesho. Spear aliyefungiwa karanga harudi.