Kiwanda kikifilisika, kiinua mgongo chako kiko wapi?

Wakazi wa Masasi na Newala wanaijua sura ya kiwanda kilichofungwa. Viwanda vya korosho vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia vingi vilisimama mapema, na majengo yakabaki. Kwa aliyebangua korosho humo, au anayebangua leo kwa mwekezaji binafsi, swali ni moja: tajiri akiishiwa, nani atamlipa?

Tuanze na haki yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 mfululizo akiachishwa kazi na mwajiri alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Ukilipwa shilingi 10,000 kwa siku na umefanya kazi miaka 6, ni shilingi 420,000. Ukifanya miaka 14, hesabu inaishia 700,000. Hii si hela ya NSSF, ni deni la mwajiri.

Shida ni pale mwajiri anapokuwa hana kitu. Mahakama inateua mfilisi, ambaye anakusanya mali, anauza, na kugawa fedha kwa foleni. Benki iliyowekewa jengo au mashine rehani inachukua chake kwenye mali hiyo. Gharama za ufilisi nazo zinatoka mapema. Mishahara ya wafanyakazi ipo kwenye madai yanayotangulia, pamoja na kodi za serikali, kabla ya wauza magunia na wadai wengine wa kawaida. Wenye hisa wako mkiani. Lakini kipaumbele hicho kina mpaka: kinahusu miezi ya karibuni kabla ya ufilisi, si malimbikizo ya miaka. Kwa hiyo mfanyakazi anayevumilia mwaka mzima bila mshahara anajisogeza mwenyewe nyuma ya foleni.

Linganisha na benki. Januari 2018 Benki Kuu ilipofuta leseni za benki tano, zikiwemo za Meru na Njombe, Bodi ya Bima ya Amana ilikuwepo kumlipa mwenye akiba hadi shilingi 1,500,000. Kiinua mgongo hakina bima ya namna hiyo. Kilichopo ni fao la kukosa ajira la NSSF: theluthi ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangiwa angalau miezi 18. Ndiyo maana inafaa kuuliza sasa, kiwanda kikiwa bado kinanguruma, kama michango yako inafika.

Ukiachishwa na hujalipwa, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukipinga kuachishwa kwenyewe una siku 30. Madai mengine, kikiwemo kiinua mgongo, siku 60. Mfilisi akishateuliwa na mahakama, kesi dhidi ya kampuni haiendelei bila ruhusa ya mahakama, hivyo mwandikie yeye madai yako yote, kila kiasi peke yake: mshahara, likizo, notisi, kiinua mgongo. Ambatisha mkataba, hati za malipo, hata ujumbe wa simu wa mshahara ulioingia. Wafanyakazi wa msimu hasa watunze hivi, maana ubishi wao mara nyingi huwa juu ya ile miezi 12 mfululizo.