UZI: "Ajira za kidijitali" Garissa. Tuulize ni kazi gani hasa 🧵

Kila mkutano wa siasa huku kwetu Garissa siku hizi lazima mtu aahidi ajira za kidijitali kwa vijana. Makofi yanapigwa, tunarudi nyumbani. Leo nataka tuchukue kazi moja tu kati ya hizo, usalama wa data, manake inatugusa kuliko wanavyotuambia jukwaani.

Ukisema usalama wa mtandao, watu wanawaza kijana amejifungia chumbani usiku akipambana na wadukuzi. Kazi hiyo ipo. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa, huduma zikakwama, kundi linalojiita Anonymous Sudan likajisifu kwamba ni wao. Kuna wanaolinda mitambo kama hiyo, kuna wanaolipwa kuijaribu ili waone mianya kabla ya mwizi, na kuna wanaofuata nyayo baada ya wizi. Lakini tusidanganyane, nafasi nyingi za aina hiyo ziko Nairobi, kwenye mabenki na kampuni za simu.

Kuna upande wa pili wa kazi hii ambao wanasiasa hawautaji kabisa. Kulinda data si kuzuia mwizi peke yake. Ni kuhakikisha kilichoandikwa juu yako ni kweli, kinatumika kwa lile kilichokusanyiwa, na kikiwa na makosa kuna mtu wa kukirekebisha.

Hapo sisi tuna kidonda. Ukame ulipobana, mwanzoni mwa miaka ya tisini na tena 2011, familia za Wakenya zilienda kambi za Dadaab zikajiandikisha kama wakimbizi ili zipate chakula na matibabu. Watoto nao wakaandikishwa. Mtoto akifika miaka 18 anaenda kuomba kitambulisho, vidole vinasomwa, mtambo unajibu: huyu ni mkimbizi. Mama yake ana kitambulisho, babu yake amezikwa hapa hapa, haijalishi.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu 40,000. Mwaka 2021 shirika la Haki na Sheria, la hapa Garissa, lilipeleka suala hili mahakamani.

Sasa angalia vizuri: hapo hakuna mdukuzi. Hakuna nywila iliyoibiwa. Mtambo ulifanya kazi sawasawa. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuuliza: data ya msaada wa chakula inaamuaje uraia wa mtu? Na aliyeandikwa kimakosa apitie mlango gani?

Kazi ya kuuliza hivyo ipo kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 24, inazungumzia afisa wa ulinzi wa data, ikiwemo kwenye taasisi za umma. Kifungu cha 31 kinataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza mradi wenye hatari kwa haki za watu. Cha 40 kinakupa haki ya kuomba data isahihishwe au ifutwe. Cha 43: data ikivuja, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72.

Na si maneno ya karatasi tu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi za Huduma ulikiuka sheria kwa sababu tathmini hiyo ya kifungu cha 31 haikufanywa. Mradi wa mabilioni ulikwamia hapo!

Mtu akikwambia kaunti haina pesa ya kuajiri wataalamu, mjibu hivi: sheria inaruhusu afisa huyo awe mfanyakazi aliyepo tayari, mradi majukumu yake yasigongane, na taasisi kadhaa zinaweza kutumia afisa mmoja. Hospitali, ofisi ya besari, mradi wa maji, zote zina orodha za majina yetu na namba zetu za simu.

Anayefaa? Si lazima awe gwiji wa kompyuta. Aliyesomea sheria, utunzaji wa rekodi au ukaguzi wa hesabu anaweza kuingilia upande huu. Na anayejua Kisomali atamweleza mzee wa Hagadera anachokubali kabla hajaweka kidole, jambo ambalo mtaalamu wa kutoka Nairobi atahitaji mkalimani kulifanya.

Sasa shida yenyewe. Kijana anayelijua suala hili kuliko wote ni yule aliyenaswa ndani yake. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, na fomu ya kazi ya serikali inamkwamia mstari wa kwanza. Februari 2025 ilitangazwa huko Wajir kwamba ule msasa maalumu wa vitambulisho kwa kaunti za mipakani umeondolewa. Sawa, tumesikia. Ila msasa ni jambo moja, na vidole vilivyo kwenye hifadhidata ya wakimbizi ni jambo lingine.

Kwa hivyo anayekuja kwenu na ahadi ya ajira za kidijitali, mwulizeni mawili: afisa wa ulinzi wa data wa ofisi yako ni nani, na wale waliosajiliwa mara mbili watafutwa lini kwenye orodha ya wakimbizi? Majibu mliyopata yawekeni hapa chini, nitayasoma yote.