Masika, Nauli na Muda: Kwenda Dar Kutoka Ubena na Bagamoyo Kunagharimu Kiasi Gani?

Kuanzia Machi hadi Mei, mkazi wa Ubena Zomozi, Chalinze au Bagamoyo mwenye shughuli Dar es Salaam hulipa mara mbili. Kwanza hulipa nauli, kisha hulipa kwa kuchelewa: siku ya kazi iliyokatwa, miadi ya hospitali iliyopita, mzigo uliofika sokoni wanunuzi wameshaondoka. Malipo ya kwanza yana risiti, ya pili hayana, ndiyo maana wengi wetu hatuyapigii hesabu. Humu tunayapima yote mawili.

Kwanza, bei zinapangwaje

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ndiyo inayopanga nauli za mabasi, daladala na treni. Katika nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023, basi la daraja la kawaida lilipangiwa Sh 48.47 kwa kilomita kwa kila abiria, na daraja la kati Sh 67.84. Daladala za mjini, kwa safari isiyozidi kilomita 10, zilipanda kutoka Sh 500 hadi Sh 600. Mwaka 2024, treni ya umeme ya SGR ilipoanza safari, daraja la kawaida liliwekewa Sh 69.51 kwa kilomita.

Zishike namba hizo tatu za kilomita, maana zinaonyesha jambo ambalo abiria wengi hawalijui: tiketi ya kawaida ya SGR inakaribiana na ya basi la daraja la kati. Kutoka Dar hadi Morogoro, kilomita 192, treni ni Sh 13,000, basi la daraja la kati ni takribani Sh 13,000, na basi la kawaida ni kama Sh 9,300. Kwa hiyo anayesema treni ni ya wenye nacho analinganisha na basi la kawaida. Aliyezoea basi la daraja la kati haongezi kitu. Bei hubadilika, hivyo kabla ya kusafiri tazama jedwali la sasa la LATRA.

Ukiwa Ubena Zomozi au Chalinze

Una njia mbili. Ya kwanza ni barabara kuu ya Morogoro. Kutoka Ubena Zomozi hadi Dar tukadirie kilomita 130. Kwa kipimo cha LATRA, basi la kawaida ni kama Sh 6,300 na la daraja la kati kama Sh 8,800. Uzuri wake ni kwamba unapandia barabarani, hapo hapo kijijini, na kiroba cha mahindi kinaingia kwenye buti. Ubaya wake ni kwamba basi linatoka Morogoro au Dodoma, na mara nyingi linafika limejaa. Mbele yako kuna mizani ya Vigwaza na msururu wa malori, na mvua ikinyesha lori moja likikwama linasimamisha pande zote mbili. Halafu basi linakushusha kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na hapo safari ya mjini ndiyo kwanza inaanza.

Njia ya pili ni SGR. Reli inapita kusini mwa barabara kuu, na Chalinze haina stesheni. Stesheni zilizo jirani ni Ngerengere na Ruvu. Kutoka Ngerengere hadi Dar, kilomita 134.5, nauli iliyotangazwa ni Sh 9,000, na kutoka Ruvu ni Sh 5,000. Ongeza bodaboda ya kukufikisha stesheni. Bei yake haiko kwenye jedwali lolote, ni maelewano yako na dereva, na siku ya tope dereva huyo ana haki ya kudai zaidi. Tukiweka Sh 5,000 kwa mfano, safari ya Ngerengere inafika Sh 14,000. Kwa basi la kawaida, ukiongeza usafiri wa Mbezi hadi Kariakoo, huvuki Sh 8,000. Tofauti ni Sh 6,000 kwenda, na Sh 12,000 kwenda na kurudi.

Je, Sh 12,000 hizo zinanunua nini? Zinanunua muda unaotabirika. Treni hufika Morogoro kutoka Dar chini ya saa mbili, na stesheni yake ya Dar iko katikati ya jiji, kwa hiyo unaepuka foleni ya Kibaha, Kimara na Ubungo kwa pamoja. Lakini kuna masharti. Si kila treni husimama Ngerengere, treni za haraka zinapitiliza. Uliza kwanza treni ya kurudi ni saa ngapi, la sivyo utalala Dar na gharama itapanda maradufu. Fika mapema pia, kwa sababu mizigo inakaguliwa na mlango hufungwa treni haijaondoka.

Treni nayo si malaika. Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya safari za Dodoma kuanza, hitilafu ya umeme ilisimamisha treni njiani, na Shirika la Reli, TRC, likaeleza kuwa wanyama waligusa miundombinu ya umeme. Hata hivyo, hitilafu ya namna hiyo haitokei kila siku, ilhali foleni ya barabarani wakati wa masika ni ya kila siku.

Ukiwa Bagamoyo

Hapa hakuna treni ya kuchagua. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 waliianzishia Dar es Salaam, Bagamoyo ikaachwa kando, na SGR imefuata ushoroba uleule. Mkazi wa Bagamoyo, Zinga, Kerege na Mapinga anategemea barabara moja.

Kutoka Bagamoyo mjini hadi kituo cha mabasi cha Makumbusho, Dar, tukadirie kilomita 60. Kwa Sh 48.47 kwa kilomita, ni kama Sh 2,900. Daladala ya kuingia mjini ni Sh 600. Kwenda na kurudi inakuwa Sh 7,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni Sh 154,000 kwa mwezi. Kabla ya kukataa kupanga chumba Bunju au Tegeta, weka namba hiyo kando ya kodi, kisha ongeza saa unazopoteza barabarani.

Pikipiki yako mwenyewe? Ikinywa lita 2.5 kwa kilomita 100, kwenda na kurudi hadi katikati ya jiji, kilomita 140, ni lita 3.5. Petroli ikiwa Sh 3,000 kwa lita, ni Sh 10,500, bila oili, matairi wala bima. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo hesabu hii irudie mwenyewe. Peke yako, pikipiki ni ghali kuliko daladala, na kwenye lami yenye maji ni hatari kuliko vyote. Wawili mkichangia, bei inashuka, hatari inabaki palepale.

Anayeumia zaidi ni mfanyabiashara. Chukua mama anayepeleka mananasi ya Kiwangwa Kariakoo: matenga yanafungwa juu ya keria, bei ya kila tenga anaipanga konda, na gari likifika Bunju mvua imeshika, konda anagonga bati na kutangaza kwamba gari linageuza. Matenga yanashushwa kwenye matope na nauli inalipwa upya. Huko ndiko kukatisha ruti. Ikikugharimu Sh 800 za ziada mara mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu umetoa zaidi ya Sh 20,000 bila kupata kitu. Kukatisha ruti ni kosa, si desturi ya mvua.

Mvua si kisingizio

Jiji la London nalo lina hali mbaya ya hewa: theluji husumbua hata treni inayoitwa ya chini ya ardhi, kwa sababu zaidi ya nusu ya njia zake ziko juu ya ardhi. Kule abiria akicheleweshwa dakika 15 au zaidi kwa kosa la mwendeshaji, anaweza kudai arudishiwe nauli yake. Hali mbaya ya hewa haihesabiwi. Kanuni hiyo ina upungufu wake, lakini ina jambo la kuigwa: inatenganisha kosa la mtu na kazi ya mbingu.

Sisi tumevichanganya. Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza Dar Mei 2016, tuliona mwisho wa foleni, kisha kila mafuriko katika bonde la Jangwani safari zikawa zinasitishwa. Mkataba wa kujenga daraja pale ulisainiwa 2024. Masika huja kila mwaka miezi ileile. Jambo linalojulikana tarehe yake haliwezi kuitwa dharura, na abiria asibebeshwe gharama yake peke yake.

Uchague lipi

Una miadi isiyosubiri, mzigo mdogo, na unakaa karibu na Ngerengere au Ruvu: panda SGR, ukiwa na tiketi ya kurudi mkononi. Una mzigo au familia: basi la kawaida, uondoke alfajiri kabla malori hayajajaa barabarani. Uko Bagamoyo na kazi yako ni ya kila siku: wakati wa masika toka saa 11 alfajiri, dai tiketi, na andika namba ya gari. Gari likikatisha ruti, peleka malalamiko LATRA au kwenye baraza la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini, LATRA CCC.

Na LATRA nayo ina deni kwetu. Imepanga nauli kwa kila kilomita hadi senti. Sasa ipange na fidia kwa kila saa ya uzembe, ili hasara ya kuchelewa imwangukie aliyeisababisha.