Neema alipogeuzwa ‘Niime’

DADANGU alikuwa amesimama mbele ya dirisha la ofisi fulani hapa Nairobi, mtoto mgongoni, foleni ndefu ikimsukuma kutoka nyuma. Karani hakulisikia vizuri jina la mtoto. “Mama, hebu nitajie herufi moja moja,” akasema.

Dada, ambaye Kiingereza chake si haba, akazitaja kama alivyofunzwa shuleni: “En, ii, ii, em, ei.” Karani akaandika alichosikia. Neema akawa Niime.

Hakuna aliyeigundua kasoro hiyo hadi msichana alipofika darasa la mtihani, ambapo watahiniwa husajiliwa kwa majina yaliyo katika cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo safari zilipoanza: kwa wakili kula kiapo, ofisini, kurudi shuleni, tena ofisini. Nauli na siku za kazi alizopoteza dada hazikurudishwa na mtu.

Nani wa kulaumiwa? Binafsi simlaumu karani sana. Sikio la Mswahili likisikia “ii” huandika I, na likisikia “ei” hukimbilia E. Lakini kwa Mwingereza “ii” ni E, “ei” ni A, nayo I huitwa “ai”. Na kuna mtego mwingine: R kwa Kiingereza chetu ni “aa” tu. Anayeitwa Mariamu akitaja “em, ei, aa”, asishangae kujikuta ameitwa Mea.

Waingereza wenyewe hawakuanza hivyo. Zamani majina ya irabu zao yalikaribiana na yetu. Ni kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi ambapo irabu zao ndefu zilibadilika matamshi, na majina ya herufi yakahama pamoja nazo. Wamishenari kama Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, waliziacha irabu na sauti zake za kale. Ndiyo maana mtoto wa mjini leo hubeba alfabeti mbili kichwani, na hakuna anayemwambia ni ipi inayotumika kwenye dirisha lipi.

Kwenye simu mambo huharibika zaidi. B, C, D, E, G, P, T na V zote huishia kwa “ii”, na kelele za matatu zikiingia kati, hutofautishi moja na nyingine. Tena simu ya kawaida hukata sauti nyembamba za juu, ambazo ndizo hutenganisha S na F. M na N nazo ni pacha. (Habari ya Z tuiache kwa wazazi: walimu wetu husema “zed”, watoto wanaotazama vibonzo vya Marekani husema “zii”.)

Marubani, ambao kwao herufi moja ikikosewa ni hatari, walilimaliza tatizo hili zamani. Tangu Machi 1, 1956 wanatumia neno zima badala ya herufi: Alfa, Bravo, Charlie, na kuendelea. Alfa iliandikwa kwa F ili asiyejua Kiingereza asiitamke vibaya, na Juliett ikapewa T mbili ili Mfaransa asiimeze ya mwisho. Ndege za Kenya, ambazo usajili wake huanza kwa 5Y, zikitaja usajili huo husema “Yankee”.

Sisi tusiorusha ndege twaweza kutumia miji na mitaa yetu: B ya Bungoma, P ya Pumwani, D ya Dandora, T ya Thika, V ya Voi, L ya Lamu, R ya Ruiru, I ya Isiolo. F ilinisumbua, nikaamua iwe ya fisi. Na ukimaliza, mwombe karani akusomee alichoandika kabla hajapiga muhuri. Si utovu wa adabu.

Neema ameshajifunza. Juzi nilimsikia akimpigia simu fundi anayedarizi majina kwenye sweta za shule: “N ya Nairobi, E ya Eldoret, mara mbili, M ya Mombasa, A ya Athi River.”

Fundi akamwuliza kama Athi River nayo idariziwe.